Kiwanja chenye sumu, kodi haijalipwa: kaunti ishike njia ipi?

Nchini Marekani kodi ya ardhi na majengo ni mali ya serikali za mitaa: kaunti, jiji, mji, wilaya ya shule. Mwenye kiwanja asipolipa, deni hufungwa kwenye kiwanja chenyewe, na akizidi kukaa kimya kiwanja hutwaliwa na kuuzwa. Kwa nyumba ya kawaida utaratibu huu unafanya kazi. Deni ni dogo, mali ni kubwa, na mwenyewe huja mbio siku za mwisho na hundi mkononi.

Kwa mali hatari hesabu inageuka. Mtu anayetaka kuikimbia karakana iliyojaa mapipa ya kemikali huanza kwa kuacha kulipa kodi, kwa hiyo mara nyingi ofisi ya kwanza ya serikali kuona kwamba mwenyewe kaondoka ni ile ya mweka hazina wa kaunti, si ya mazingira. Naye hana mavazi ya kujikinga wala mtaalamu wa udongo. Ana daftari la madeni, na njia chache zilizo wazi kisheria.

Njia zenyewe ni tano, nami nitazilinganisha hapa. Neno langu nalisema mapema: kaunti nyingi huanza na swali la deni ni kiasi gani, na ndipo zinapokosea. La kwanza kuuliza ni hatari iko wapi. Iko juu ya ardhi, katika jengo? Au imeshaingia ardhini?

Tuchukue mali mbili za mfano, tuzipitishe katika kila njia. Ya kwanza ni nyumba ya mbao ya ghorofa mbili iliyoungua. Paa limebonyea, mabomba yamefungwa kwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na kwa kuwa ilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani, kuta zake tuzihesabu kuwa na rangi hiyo. Ya pili ni kituo cha mafuta kilichofungwa, chenye gereji ubavuni. Matangi yamebaki chini ya ardhi, na sakafu ya gereji imekunywa viyeyusho vya kusafishia vyuma kwa miaka mingi. Tuseme kituo kinadaiwa kodi ya dola 30,000, kikiwa safi kingeuzwa dola 120,000, na kukisafisha kunataka dola 200,000. Tarakimu ni zangu, lakini umbo la hesabu ndilo lile lile linaloziumiza kichwa kaunti: gharama ya kusafisha imeipita thamani.

Hofu yenyewe inatoka wapi

Kaunti nyingi zimekwepa mali kama hiyo kwa miongo kwa sababu ya sheria moja ya shirikisho. Desemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria inayoitwa kwa kifupi CERCLA, au Superfund, baada ya kadhia ya Love Canal, mtaa wa Niagara Falls uliojengwa kandokando ya mfereji uliofukiwa taka za kemikali. Chini ya sheria hiyo mmiliki wa sasa anaweza kudaiwa gharama za kusafisha hata kama hakumwaga tone. Hebu fikiria wewe ndiye mweka hazina: unatwaa kiwanja kwa deni la dola 30,000, kesho yake jina la kaunti ndilo lililo kwenye hatimiliki.

Tangu mwanzoni sheria iliweka mwanya kwa serikali iliyojikuta na mali bila kutaka kwake, kwa njia ya deni la kodi, kufilisika kwa mtu au mali kutelekezwa. Ubishi ulikuwa juu ya hilo la kutotaka. Kaunti iliyofungua kesi yenyewe ili kutwaa kiwanja, je, haikutaka? Machi 2018 Bunge la Marekani lilirekebisha maneno hayo. Sasa inatosha kwamba serikali imepata hatimiliki kwa kutimiza kazi yake ya kiserikali, na kutwaa kwa deni la kodi kumetajwa waziwazi.

Ngao hiyo ni nzuri, ila ina matundu mawili. Kwanza, haimlindi aliyesababisha au kuongeza uchafuzi. Fundi aliyetumwa na kaunti akipasua pipa kwa katapila, ngao imekwisha. Pili, mafuta ya petroli hayamo katika CERCLA kabisa. Uchafuzi wa tangi la petroli una masharti yake ya shirikisho na sheria ya jimbo husika, na majimbo hayafanani. Kwa kituo chetu cha mafuta, kaunti inaweza kuwa salama kwa viyeyusho vya gereji na bado ikawa na la kujibu kuhusu matangi yaliyo hatua kumi kutoka hapo.

Kuuza deni

Majimbo kadhaa, Arizona, Florida na Illinois yakiwemo, huuza deni lenyewe badala ya kiwanja. Mwekezaji analipa kodi inayodaiwa, anapewa cheti, kisha anasubiri mwenye mali amrudishie na riba. Arizona mnada huanzia riba ya asilimia 16 kwa mwaka na wanunuzi hushindana kuishusha. Kaunti inapata fedha yake leo, jina lake haligusi hatimiliki, na kwa mweka hazina hakuna kitu kitamu kama hicho.

Kwa mali hatari njia hii haisaidii kitu. Mwenye cheti si mmiliki, hana wajibu wa kuziba hata dirisha. Akigundua alichonunua, anaacha cheti kife. Kwa kituo chetu, hakuna mwekezaji mwenye macho atakayeweka dola 30,000 kwenye kiwanja chenye thamani ya chini ya sifuri. Akijitokeza asiyejua, mambo hurudi mlangoni: sheria ya Illinois humruhusu mnunuzi wa deni kuomba mauzo yafutwe na fedha yake irudi, iwapo kiwanja kina taka hatari au tangi la chini ya ardhi linalohitaji kuondolewa naye hakujua aliponunua. Kaunti inarudi pale ilipoanza, miaka imepotea, na lile tangi limeendelea kuvuja.

Nyumba iliyoungua nayo haina nafuu hapa. Kila msimu wa mvua unaopita cheti kikiwa mkononi mwa mtu aliye mbali unazidi kuiangusha.

Kutwaa na kunadi

Hii ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. Michigan iliipa kasi kwa sheria namba 123 ya mwaka 1999: utaratibu uliokuwa ukichukua miaka sita au saba ulifupishwa hadi karibu mitatu, na mwisho wake hatimiliki inatoka safi, bila madai ya zamani. Kasi hiyo ni faida kubwa kwa nyumba zinazooza.

Udhaifu wake uko kwenye mnada. Mali inauzwa kama ilivyo, mara nyingi bila ruhusa ya kuingia ndani kuikagua, na bei ya kuanzia iko chini. Anayevutwa na bei hiyo ni nani? Si yule mwenye dola 200,000 za kusafisha, maana huyo ana wanasheria wanaomzuia. Ni mtu anayenunua kwa picha ya mtandaoni, au kampuni iliyosajiliwa wiki iliyopita isiyo na kitu ndani. Mali hatari zaidi inaishia kwa mnunuzi asiye na uwezo, halafu baada ya miaka mitatu inarudi kwenye orodha ile ile ya wadaiwa. Waliofanya kazi ya minada hii wanavijua viwanja vya aina hiyo kwa anwani.

Kuna jambo ambalo mzabuni makini analijua na wengi hawalijui. Sheria ya shirikisho humlinda mnunuzi wa ardhi chafu aliyeinunua baada ya Januari 11, 2002, kwa sharti kwamba alifanya uchunguzi wa historia na hali ya kiwanja kabla ya kununua, na sehemu muhimu za uchunguzi huo zisiwe na umri unaozidi siku 180. Michigan, kwa sheria yake ya jimbo, inataka tathmini ya hali ya awali ifanywe kabla ya kununua au ndani ya siku 45 baada yake. Mtu aliyeshinda mnada Ijumaa kwa kubahatisha, akaanza kuuliza kuhusu udongo Jumatatu, kwa upande wa shirikisho ameshachelewa. Kaunti inayoweka ripoti ya awali mtandaoni miezi miwili kabla ya mnada inawapa wazabuni wa maana nafasi ya kuja. Kwa maoni yangu hili ni rahisi kuliko yote yaliyomo katika makala hii, na ni aibu kwamba halifanywi kila mahali.

Kutokigusa

Kaunti inaweza pia kukiacha. New York imeliandika hili kisheria: kifungu cha 1138 cha sheria yake ya kodi ya mali kinamruhusu afisa kukiondoa kiwanja katika kesi ya kutwaa, iwapo kukimiliki kunaweza kuiletea serikali hasara inayozidi sana kile kingekusanywa. Ikionekana hakuna njia ya maana ya kulikusanya deni, linaweza hata kufutwa.

Sipendi kuidharau njia hii. Kabla ya 2018 palikuwa na sababu nzuri ya kuitumia, na hata leo kuna viwanja, kama kiwanda cha kemikali chenye ekari hamsini, ambavyo kaunti ndogo haina biashara navyo. Hivyo ni vya kuliachia jimbo au Shirika la Ulinzi wa Mazingira la shirikisho, EPA.

Ila kuacha si bure. New York kaunti huwajibika kuilipa miji, na kwa sehemu kubwa wilaya za shule, kodi ambayo yenyewe haikuikusanya. Kila mwaka kituo chetu cha mafuta kinapoachwa, kaunti inatoa fedha taslimu mfukoni kwa ajili ya kiwanja kisicholipa, huku vitabu vyake vikionyesha deni linalokua kama mali inayodaiwa. Mwenyewe kwenye daftari ni kampuni iliyokufa. Watu wanakuja usiku kutupa matairi, vijana wanaingia, nyaya za shaba zinang'olewa. Na sumu ya ardhini haisubiri: viyeyusho hushuka hadi kwenye maji, maji huenda kwa jirani, na kutoka majini mvuke hupanda hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Gharama ya dola 200,000 ilikuwa ya uchafuzi ulioishia kwenye uzio.

Kaunti ikishika njia hii, basi iandike tarehe ya kukirudia kiwanja. Isiyo na tarehe haijaamua kitu.

Benki ya ardhi

Kaunti ya Genesee, Michigan, ambako ndiko uliko mji wa Flint, ilianza kutumia chombo hiki kwa mapana baada ya sheria ya jimbo ya 2003, mweka hazina wakati huo akiwa Dan Kildee, aliyekuja kuwa mbunge wa shirikisho. Wazo ni kwamba mali zilizotwaliwa haziendi mnadani zote. Nyingine huingia katika taasisi ya umma inayoweza kuzishika kwa muda mrefu, kuzibomoa, kuzisafisha, kuziunganisha na viwanja jirani, na kuziuza kwa masharti. Badala ya kumpa mzabuni wa juu, benki ya ardhi inaweza kumpa mwenye mpango na fedha.

Kwa mali yenye sumu faida yake kubwa iko kwenye ruzuku. EPA hutoa ruzuku za aina mbili zinazohusika hapa. Ya uchunguzi haidai uwe mmiliki wa kiwanja. Ya kusafisha inadai, na makampuni binafsi ya biashara hayastahili kuiomba. Kwa hiyo kaunti inayoogopa hatimiliki inajifungia pia mlango wa fedha za kusafisha, na benki ya ardhi huufungua. Michigan imeongeza kingine: kiwanja kikishauzwa na benki ya ardhi, nusu ya kodi yake kwa miaka 5 hurudi kwenye benki hiyo.

Kinachosumbua ni fedha za kuendeshea. Benki yenye maelfu ya viwanja inafyeka nyasi za maelfu ya viwanja, na nyasi hazilipi. Kwa muda mrefu mfumo wa Michigan uliegemea ziada: nyumba nzuri ikiuzwa mnadani kwa bei inayozidi deni, kaunti ilibaki na tofauti na kuitumia kwa nyumba mbaya. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Michigan, katika kesi ya Rafaeli dhidi ya Kaunti ya Oakland, ilikata shauri la mali iliyouzwa dola 24,500 kwa upungufu wa kodi wa dola 8.41, na kusema ziada ni ya mwenye mali. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakata vivyo hivyo kwa nchi nzima katika kesi ya Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin, Minnesota, majaji wote kwa sauti moja.

Hukumu zile nadhani zilikuwa za haki. Ya dola nane inatia uchungu hata kuisoma. Lakini tusijifanye hatuoni matokeo. Fedha iliyokuwa ikibomoa nyumba zilizoungua ilikuwa inatoka kwa wenye nyumba zisizoungua, na imekatika. Anayependekeza benki ya ardhi leo aje na chanzo cha fedha.

Kufuta deni kwa anayesafisha

Wisconsin ina vifungu viwili ambavyo navitamani vingesomwa zaidi nje ya jimbo hilo. Cha kwanza, 75.105, kinairuhusu kaunti kufuta deni la kodi lote au sehemu yake pamoja na riba, iwapo uchunguzi umethibitisha uchafuzi na mwenye mali au mtu mwingine amefunga mkataba na idara ya mazingira ya jimbo wa kuchunguza na kusafisha. Cha pili, 75.106, kinaenda mbali zaidi: kaunti inaweza kumpa mtu mwingine haki yake ya kupata hukumu ya kutwaa. Hatimiliki inatoka kwa mdaiwa na kwenda moja kwa moja kwa msafishaji, bila jina la kaunti kupita katikati.

Turudi kwenye kituo chetu. Thamani safi dola 120,000, gharama 200,000. Kufuta dola 30,000 peke yake hakuzibi pengo. Mwekezaji akishaambiwa deni limekufa, hatimiliki atapewa safi, na jimbo linaweza kusaidia kwa tatizo la matangi, hapo mazungumzo yanaanza. Na msaada huo upo: tangu 1986 kuna mfuko wa shirikisho wa matangi yanayovuja, unaochangiwa na sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta, ambao majimbo huutumia pale mwenye tangi hapatikani au hana uwezo.

Tahadhari ni moja. Baada ya kesi ya Tyler, kumpa mtu kiwanja bila mnada kunataka uthibitisho kwamba hakikuwa na ziada ya kumrudishia mwenyewe. Kwa ardhi chafu kwelikweli hilo si gumu, lakini tathmini ya thamani iwe kwenye jalada kabla ya kusaini. Mahakama ya rufani ya juu ya New York ilishasema mwaka 1996, katika kesi ya Commerce Holding, kwamba mthamini wa kodi lazima auzingatie uchafuzi anapopanga thamani. Halmashauri inayomtoza mtu kodi kana kwamba udongo wake ni safi, kisha ikamwambia mwekezaji kwamba ni mchafu, itaulizwa maswali mahakamani.

Basi ipi?

Kwa nyumba iliyoungua, sumu bado iko ndani ya kuta, kwa hiyo wakati ndio adui. Isisubiri mwisho wa kesi ya kodi. Jiji lina mamlaka ya kubomoa jengo linalohatarisha watu na kuiandika gharama kwenye kiwanja, ikidaiwa pamoja na kodi. Kuna hesabu hapa inayopuuzwa. Jengo likikaguliwa mapema, asbesto huondolewa kwanza na vifusi vingine huenda kwenye dampo la kawaida. Likiachwa mpaka liwe hatari kuingia, ukaguzi hauwezekani. Nyumba yote hubomolewa ikimwagiwa maji, na kifusi kisichoweza kutenganishwa huchukuliwa kuwa cha asbesto, kwa bei ya asbesto. Baada ya hapo kiwanja kitupu kinadiwe, au auziwe jirani wa pembeni anayetaka bustani. Kukipeleka benki ya ardhi ni sawa kama ipo, lakini kuianzisha kwa ajili ya nyumba za aina hii pekee ni gharama kubwa mno.

Kwa kituo cha mafuta nageuza mpangilio. Uchunguzi kwanza, kwa ruzuku isiyodai umiliki, kwa ridhaa ya mwenyewe au amri ya mahakama. Ripoti ikionyesha gharama iko chini ya thamani, kitwaliwe na kunadiwa, ripoti ikiwa wazi kwa wote. Gharama ikiizidi thamani kwa kiasi kinachoweza kuzibwa, kama katika mfano wetu, njia ya Wisconsin ndiyo ninayoitanguliza, na benki ya ardhi ifuate pale ambapo mwekezaji hapatikani lakini ruzuku ya kusafisha inapatikana. Kukiacha ni kwa viwanja vinavyoizidi nguvu kaunti, na kwa tarehe. Kuuza deni nakuondoa kwa mali zote mbili.

Na wewe unayetazama orodha ya mnada usiku huu, ukiona kiwanja cha kona kwa bei ya simu: piga simu ofisi ya mweka hazina uulize kama kimewahi kuondolewa kwenye kesi au kurudi mnadani. Kisha tafuta anwani hiyo kwenye orodha ya matangi ya chini ya ardhi ya jimbo, ambayo kwa kawaida iko wazi mtandaoni. Kikiwa kimo, na tarehe ya matangi kung'olewa haimo, usiweke zabuni kabla ya uchunguzi.